Sumu Iliyomo Katika Beseni

Katika Bukavu neno moja latisha sana: karuho. Ndilo jina la sumu ambayo watu husema hutiwa kwa siri katika chakula au kinywaji. Mtu akitapika na kuhara usiku, jamaa huulizana, “Alikula kwa nani?” Mara nyingi jibu humwangukia jirani, mke mwenza au mgeni. Lakini shaka ya namna hiyo si ya Kivu tu. Yafaa tujue iliwafikisha wapi watu wa zamani.

Mwaka 1832 kipindupindu, ambacho huku kwetu twakiita kolera, kiliingia Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Watu walikufa kwa maelfu. Ikavuma habari kwamba wako wanaotia sumu katika vyakula na vinywaji. Makundi ya watu wenye hasira yakawakamata wapita njia wasio na hatia na kuwaua barabarani. Je, ugonjwa ulikoma? La, uliendelea kuua.

Mwaka 1854 ugonjwa uleule ulishika mtaa wa Soho, katika London, ukaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow hakuuliza nani adui wa nani. Aliuliza marehemu walichota maji wapi. Akaona kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja, ile ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu hiyo uliondolewa. Baadaye kasisi wa Kianglikana, Henry Whitehead, alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu, akapata chanzo. Mama mmoja alikuwa akimwuguza mtoto wake mchanga; aliosha nepi zake na kumwaga maji katika shimo la uchafu lililo karibu na kisima, na shimo lilikuwa likivuja. Basi, mtia sumu hakuwako. Alikuwako mama mwenye huzuni, asiyejua lolote. Mwaka 1884 Robert Koch, daktari Mjerumani, alithibitisha huko Kalkuta, Bara Hindi, kwamba ugonjwa huo huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho.

Huku kwetu pia kolera ina historia. Mwaka 1869 na 1870 iliua watu wengi sana Zanzibar, kisha ikafuata njia za misafara hadi Ujiji na Manyema. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walifurika Goma. Ardhi ya huko ni mawe ya volkeno, vyoo havikuchimbika, na watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Kwa muda wa mwezi mmoja watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Sasa tuitazame Bukavu yetu. Mji umejaa watu juu ya vilima, mabomba hayafiki kila nyumba, na vijito kama Kawa hupita kati ya nyumba vikichukua taka za kila namna hadi ziwani. Mboga iliyomwagiwa maji ya kijito cha namna hiyo, au kuoshwa humo ili ing'ae sokoni, hubeba uchafu wa mji mzima. Naye mama akiisuuza nyumbani kwa maji yaleyale, huondoa udongo na kuacha ugonjwa. Kuosha kwa maji machafu si kuosha.

Dawa yake si ngumu. Sombe na lengalenga moto huzisafisha, mradi ziive kweli na zisipakuliwe kwa mikono michafu. Hatari kubwa imo katika vile vinavyoliwa vibichi: nyanya, karoti, kabichi, matunda. Hivyo tuvioshe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini kwa kipimo cha wauguzi, na tuvimenye inapowezekana. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni.

Na mtu akishikwa na kuhara kwa nguvu, anyweshwe mara maji yenye chumvi na sukari ya dawa, apelekwe hospitali upesi. Wengi hufa kwa sababu saa za kupona hupotea katika kumtafuta mchawi. Kabla ya kumtaja jirani, tuulize kama Snow alivyouliza: Maji haya yalitoka wapi? Swali hilo laweza kuokoa mtoto, na laweza kumwokoa jirani pia.