Kivuli, Nukushi na Mashine Kiraka

Jirani na ofisi za Manispaa ya Ilemela, hapa Buswelu, steshenari hazikosi wateja. Mwombaji kazi kashika vyeti, mzazi kashika fomu, mwenye kiwanja kashika hati. Juu ya meza ipo mashine moja inayochapa, inayotoa kopi, inayoskani, na yenye vitufe vya faksi ambavyo havijaguswa tangu itolewe kwenye boksi. Anayetaka kununua mashine ya namna hiyo atauliza bei, wino na fundi. Sisi tunaolinda lugha tuna swali letu: tuiiteje?

Kabla ya mashine, tulipime neno la kupimia. Tathmini ni ndugu wa thamani. Yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, katika jina la bei. Kwa hiyo anayesema ametathmini printa huku hajaulizia gharama ya wino, hakutathmini. Amekagua tu.

Sasa kuchapa. Chapa, kwa maana ya muhuri au alama iliyogandamizwa, ilitufikia kutoka Bara Hindi, ikakutana na kuchapa kwa fimbo, na ndoa yao bado imara: sheria zetu hutolewa na Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Printa za pini, zile zinazokereza juu ya karatasi za kaboni, zilistahili kitenzi hiki kwa haki zote, maana zinapiga kweli. Za leo hazipigi kitu. Moja inanyunyiza wino, nyingine inayeyusha unga kwa joto. Kitenzi nakiachia, kimeshazoeleka. Ninachogombana nacho ni kichapishi. Kuchapisha tumekupa kazi ya kutoa vitabu na magazeti, na mchapishaji ni mtu mwenye ofisi na waandishi wanaomdai. Orodha ya mahudhurio ya kikao haijachapishwa, imechapwa. Kichapo nacho kimeshachukuliwa na wanahabari wa michezo. Tunao mfano mzuri katika kipaza sauti na kinasa sauti, basi tuseme kichapa maandishi, au kichapa tu. Printa itaendelea kutawala dukani, najua, na ulimi wa Kisukuma umeshaitafutia njia: nimesikia “pilinta”, irabu ikiwa imepachikwa kati ya konsonanti kwa ustadi ambao kamati ingehitaji vikao kuufikia.

Kwenye skana sina ugomvi, nina furaha. Baadhi ya waliotafsiri programu za kompyuta walichagua tambaza, na kifaa chenyewe wakakiita kitambazo. Funua kidogo kifuniko mashine ikiwa kazini uone: ule mwanga unatambaa kweli chini ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo. Kutambaza maneno ni kuyaburuza taratibu, na anayesubiri kurasa nyingi zitambazwe anajua kwamba hata kivuli hicho cha maana kimo.

Rimu: karatasi 500. Tumelichukua kwa Waingereza, lakini nao walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni rizma ya Waarabu, yaani mtumba, furushi. Neno limezunguka Ulaya nzima ndipo likatufikia.

Trei nayo imeshinda sinia, na sioni ubaya. Sinia lina pilau. Ila angalia tunavyosema karatasi zikikwama: “mashine imekula.” Kutwa nzima tunailisha, haisemwi kwamba inakula, siku ikishindwa kumeza ndipo tunasema imekula.

Sasa nikae kwenye neno ninalolipenda kuliko yote hapa. Kwa kopi tunayo nakala, na tunayo durufu, ambayo masikioni mwangu ni jamaa wa rudufu na maradufu; waliosoma zamani wanaikumbuka kwa stensili na mitihani yenye harufu ya wino. Lakini soma tangazo lolote la kazi serikalini: ambatisha vivuli vya vyeti. Kivuli! Uvuli, mwavuli, kivuli, mzizi mmoja. Kivuli huzaliwa na mwanga, kama kopi inavyozaliwa. Kinafuata umbo la mwenyewe bila kuwa mwenyewe. Hakiwezi kuwepo pasipo mwili, ndiyo sababu karani akishapokea vivuli bado atadai kuona cheti halisi, na wakili hagongi muhuri kwenye kivuli kabla hajaona kilichokitupa. Hata kasoro yake imo ndani ya neno: toa kopi ya kopi ya kopi, uone jina la baba yako linavyofifia. Atakayeniambia kwamba siku hizi vivuli vina rangi, nitamjibu kwamba muhuri wa wakili haujali.

Ukishakuwa na kivuli, “nakala halisi” inakosa mahali pa kukaa. Halisi ni halisi, nakala ni nakala. Sema cheti halisi na kivuli chake, basi.

Na mashine yenyewe, yenye kazi zote hizo? Wapo watakaopendekeza mashine mseto, kwa kuwa tunayo serikali ya mseto. Lakini kwenye mseto choroko na mchele vimeshavurugana, wakati hapa kila kazi imebaki na kitufe chake. Mimi naenda uwanjani. Mchezaji anayepangwa beki leo na kiungo kesho, kama alivyokuwa Erasto Nyoni, huitwa kiraka, na hakuna anayeliona tusi. Mashine kiraka! Neno linasifu na kuonya kwa pamoja, maana kiraka huziba pengo lolote lakini si lazima awe bora katika lolote. Hilo ni onyo tosha kwa mnunuzi.

Imebaki faksi. Kipepesi kilijaribiwa, nukulishi pia, lakini nukushi ndiyo iliyofika kwenye vichwa vya barua za serikali, ikakaa chini ya namba za simu. Imo humo mpaka leo katika barua nyingi, ingawa sijui nani anayeipiga namba hiyo. Nukushi ni wa ukoo wa nukuu, nakili na nakala, na huko Uarabuni mzizi wao, naql, ni kuhamisha na hata kusafirisha. Neno lenye nguvu hizo halifai kuzikwa pamoja na mashine. Simu, kwa asili yake ya Kiajemi, ni waya. Waya umeondoka, simu tunatembea nayo mfukoni. Basi nukushi nayo ihamie kwenye kazi tunayoifanya kila siku bila jina: kutambaza karatasi na kuituma kwa barua pepe, yenyewe ikibaki mkononi. Lijaribuni kaunta: “Dada, nitolee vivuli viwili, mbele na nyuma, halafu hii ninukushie Dodoma.” Akiuliza ndiyo nini, mwonyesheni kichwa cha barua yoyote ya halmashauri, pale chini ya simu.