Utalii wa mapinduzi wanawiri nchini China

UTALII mwekundu ni jina walilolipa Wachina zoea la kuzuru maeneo ambako Chama cha Kikomunisti kilipigania utawala hadi kikaunyakua mwaka wa 1949.

Serikali ilitangaza mpango wa kitaifa wa kuuendeleza mwishoni mwa 2004. Shabaha zilikuwa mbili: kuwafunza vijana uzalendo, na kuinua wilaya za milimani zilizowahifadhi wapiganaji kisha zikasalia nyuma kimaendeleo.

Miongoni mwa vituo mashuhuri ni Shaoshan, alikozaliwa Mao Zedong mwaka wa 1893; Jinggangshan, alikojenga ngome mwaka wa 1927; na Yan'an, ambako viongozi waliishi katika nyumba zilizochimbwa milimani hadi 1947.

Huko Jinggangshan, wageni huvaa sare za Jeshi Jekundu, hufuata njia za wapiganaji na kula wali wa mchele mwekundu kwa supu ya maboga, chakula cha enzi hizo. Wenyeji nao huwauzia malazi na mapochopocho. Mwaka wa 2017, eneo hilo lilikuwa la kwanza nchini kutangazwa kuwa limejinasua kutoka kwa umaskini.

Hata hivyo, vituo hivi husimulia ushindi zaidi ya machungu. Msako dhidi ya wanachama walioshukiwa kuwa majasusi Yan'an miaka ya 1940 hugusiwa kwa nadra. Sheria ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuwakashifu mashujaa, hivyo riziki ya anayewatembeza wageni imefungamana na simulizi moja tu.