Shira na Miwa ya Pangani

Kazi chache za jikoni ni nyepesi kuliko kupika shira: vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, punje za iliki zilizopondwa, moto wa wastani, na jicho lisilosinzia. Wepesi huu aghalabu hutufanya tudhani kuwa shira imekuwako tangu dahari katika hali hii tuijuayo, ang'avu na tayari kabla unga wa kaimati haujamaliza kuumuka. Ilhali zamani za babu zetu mambo yalikwenda kinyume, kwa kuwa shira ilipikwa shambani, ikachemshwa kutoka katika maji ya miwa na wale waliokata miwa hiyo, ikafika mjini ikiwa imekwisha kuwa asali nzito au bonge la sukari guru, na mwenye nyumba akabakiwa na kazi ya kuyeyusha na kuchuja. Sisi leo tunanunua sukari iliyokaushwa kwa gharama kubwa kiwandani, kisha tunaitia maji tena. Mageuzi haya yalikuja kwa jasho jingi.

Miwa yenyewe ni mkazi wa siku nyingi wa mwambao. Mwezi Aprili mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, mfalme wa mji alipeleka hidaya ya kondoo pamoja na machungwa, ndimu na miwa. Hivyo katika kapu moja Wareno walipewa vitu viwili ambavyo mpishi wa shira hadi leo hawezi kuvitenga, ijapokuwa nina yakini kwamba wao walitafuna miwa na kukamua ndimu pasipo kuwaza jambo hilo. Ama ustadi wa kutosa kitu cha moto katika utamu mzito, huo ulikuwa na maskani yake mbali. Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, aliyeandika kitabu chake cha mapishi mwaka 1226, ameeleza madonge ya unga uliochachuka, yakakaangwa katika mafuta ya ufuta na kutoswa katika shira, na yeyote aliyepata kufuturu kwa kaimati atamtambua mara moja jamaa huyu wa Baghdadi. Katika Oman na nchi za Ghuba madonge hayo yangali chakula cha Ramadhani, ila huko mara nyingi humwagiwa asali ya tende, maana mtende wanao mlangoni.

Mwambao wetu haukuwa na tende za kutosha kuchemsha asali. Ulikuwa na mito. Seyyid Said, alipokwisha kuhamishia makao yake Unguja, alijaribu kupanda miwa na kuleta mitambo ya kusaga, lakini karafuu ilimshinda mua kwa faida, na ardhi ya kisiwa ikaitii karafuu. Mahali mua ulipostawi ni bondeni mwa mto Pangani. Huko, katika nusu ya pili ya karne ya 19, matajiri wa Kiarabu na wa Kiswahili walifungua mashamba kandokando ya mto, wakasimamisha vinu vya kukamulia, wakatandaza masufuria mapana juu ya matanuri ya udongo. Na jahazi zikashuka na sukari guru na asali ya miwa kwenda Unguja, na nyingine kuvuka bahari hadi Arabuni.

Asiyepata kuikaribia kazi ya miwa hawezi kujua ugumu wake. Karafuu iliyochumwa husubiri jua, na nazi iliyoanguliwa husubiri mnunuzi. Lakini mua uliokatwa hausubiri, kwani maji yake huanza kuchacha mara, na ikiwa hayakufika motoni upesi hayagandi kuwa sukari bali huharibika yakawa kitu cha kulevya. Kwa sababu hiyo msimu wa kukamua haukujua mchana wala usiku: kuni zilitakiwa bila kikomo, povu la kijani lilienguliwa pasipo kupumzika, na mvuke wa moto uliwachoma nyuso watu ambao hawakuitwa kwa ujira. Walikuwa watumwa, wengi wao wametolewa bara, na utamu uliosifiwa barazani ulikuwa zao la mikono yao. Wapo wanaopenda kuzisimulia karamu za zamani pasipo kulitaja jambo hili. Mimi sioni namna ya kuisimulia shira bila kulitaja.

Miongoni mwa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye jina lake limehifadhiwa na tarikhi kwa vita alivyopigana na Wajerumani, si kwa miwa yake. Ghasia zilianza Pangani mwaka 1888, baada ya kampuni ya Kijerumani kutaka kutwaa mamlaka ya pwani kwa ubabe. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani. Mwaka 1893, Kikogwe, si mbali na mji huo, ikaotesha miche 62 ya mkonge iliyosalimika katika shehena aliyoiagiza Dr Richard Hindorf kutoka Florida, na toka hapo wenye mitaji waligeuza nyuso zao kuelekea katani. Utumwa nao ulifutwa, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Sukari ikahamia kwenye mitambo: Lugazi huko Uganda mwaka 1924, Arusha Chini mwaka 1930, na kwetu pwani Ramisi, katika nchi ya Kwale, ambayo kiwanda chake kilifungwa mwaka 1988.

Sukari ya mitambo ilipoenea madukani, shira ikawa kazi ya mwanamke wa nyumbani, naye akaitia elimu ambayo shamba halikuwa nayo. Mtazame bibi mwenye uzoefu: hapimi kwa saa, hupima kwa vidole. Huchota tone kwa mwiko, hulipuliza, hulibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha huachanisha vidole polepole. Tone likikatika, hiyo ni shira ya sharubati, ya kuchanganywa na ukwaju au maji ya waridi. Likivuta uzi mmoja mfupi, ni ya kaimati. Na kwa visheti huiacha mpaka izidi uzito, huiepua, huvimimina visheti ndani na kuvirusharusha kwa haraka, hata sukari irudi kuwa chembe na kuvivika ganda jeupe. Msugua ubuyu naye hutaka yake, iliyotiwa rangi nyekundu. Nami rangi hiyo sina ugomvi nayo katika ubuyu. Katika kaimati naiona ni utovu wa adabu.

Ila yule wa kaimati huogopa kile kile anachokitamani wa visheti, yaani sukari kurudi chembe. Dawa yake ni matone ya ndimu, nayo haina uchawi: ukali wa ndimu, ukisaidiwa na moto, huivunja sehemu ya sukari ikawa sukari mbili nyepesi zisizokubali kuganda pamoja. Ndimu itiwe sukari ikiwa imekwisha kuyeyuka, na tangu hapo mwiko usiingie tena, kwa sababu chembe moja iliyoshikamana ukingoni mwa sufuria ikisukumwa ndani yatosha kuigandisha yote.

Sukari guru haikumbwi sana na taabu hii, kwa kuwa ndani yake zimebaki sukari hizo nyepesi. Hasara yake ni wekundu, na machicha yanayodai kitambaa cha kuchujia. Walioishi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari nyeupe ilipokuwa kitu cha kupangiwa foleni, hawahitaji kuelezwa thamani ya bonge hilo. Atakayependa kuonja kitu kilicho karibu na asali iliyotoka Pangani zama za jahazi, na atafute halua nyeusi ya Oman, kwani huko Bahla na Nizwa miwa ingali inakamuliwa na kuchemshwa kuwa sukari nyekundu, nayo ndiyo huipa halua hiyo rangi yake na ule ukali mdogo ubakiao ulimini baada ya utamu kwisha.