Kopo la peremende lililoitoa amplifaya mezani

Fungua kopo la bati la peremende za Altoids, lile linaloenea kiganjani. Ndani hakuna peremende. Betri ya volti 9 imelala upande mmoja na kumeza karibu nusu ya nafasi. Upande wa pili kuna kipande cha ubao wa saketi: chipu nyeusi ndogo kuliko ukucha, kapasita kadhaa, rezista chache, na matone ya risasi yanayong'aa pale mtu alipolehemu kwa mkono wake. Ubavuni yametobolewa matundu mawili, moja la kuingiza sauti na jingine la kuchomeka hedifoni.

Hiyo ni amplifaya kamili. Mchoro wake ulitolewa bure na Chu Moy mwishoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo amplifaya za namna hiyo huitwa CMoy, kwa jina lake. Mimi huanzia hapo kila kijana mwenye hedifoni mpya anaponiuliza: ninunue amplifaya ya mezani au ya mfukoni? Jibu limo katika jinsi zilivyotengana, na ukiifuata historia hiyo utaona kwamba swali lenyewe limeanzia mahali pasipo pake. La kuulizwa kwanza ni hedifoni.

Hapo zamani hakuna aliyenunua amplifaya kwa ajili ya hedifoni. Mwaka 1958, mjini Milwaukee nchini Marekani, John Koss na mhandisi Martin Lange walipeleka kwenye maonyesho mashine ya santuri ya kubebeka, na hedifoni za stirio zikiwa nyongeza tu. Watu wakaipita mashine wakang'ang'ania hedifoni. Tangu hapo redio kubwa za sebuleni zikaanza kuwekwa tundu la hedifoni mbele. Nyuma ya tundu hilo mara nyingi palikuwa na amplifaya ileile ya spika, nguvu zake zikipunguzwa kwa rezista ili masikio yasiumie. Volti zilikuwa tele. Ndiyo maana Sennheiser, mwaka 1968, waliweza kuuza HD 414, ile yenye sifongo za njano, ikiwa na ukinzani wa ohmu 2000, wala hakuna aliyelalamika.

Kisha, tarehe 1 Julai 1979, Sony wakatoa Walkman, mashine ndogo ya kaseti ya kubeba. Iliendeshwa na betri mbili ndogo, yaani volti 3 tu. Kwa volti 3 huwezi kuitikisa hedifoni ya ohmu 2000 ukapata muziki wa maana, kwa hiyo hedifoni zenyewe zikabadilika: zikawa nyepesi, na ohmu zake zikashuka hadi makumi machache. Hapo ndipo njia zilipoachana. Hedifoni za nyumbani na za studio zilibaki na ohmu nyingi, za safarini zikawa na chache, na aliyetaka kutembea na hedifoni yake nzuri ya nyumbani alikwama.

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa kila muuza duka aijue. Volti 1 ikiingia kwenye hedifoni ya ohmu 32 inatoa milwati 31. Volti hiyohiyo kwenye ohmu 300 inatoa milwati 3 tu na ushei. Hedifoni ya pili si lazima iwe mbovu au ngumu. Inataka volti zaidi, na kifaa cha mfukoni hakikuwa nazo.

Pengo hilo ndilo lililozaa biashara mpya. Mwaka 1992 Tyll Hertsens alianzisha HeadRoom huko Bozeman, Montana, akauza amplifaya za hedifoni za mezani na za kubeba. Alizitia saketi inayochanganya sauti kidogo ya kushoto na ya kulia, wazo ambalo mhandisi Siegfried Linkwitz alikuwa amelichapisha mwaka 1971, ili muziki usisikike kama umekatwa vipande viwili kichwani. Asiyekuwa na pesa za kununua alijitengenezea kopo la Chu Moy. Lakini kopo nalo lilikuwa na mwisho wake: volti 9 zikigawanywa katikati hubaki 4.5 kila upande, na zinazoifikia hedifoni ni zaidi kidogo ya 2.

Aliyenivutia kuliko wote ni mtu ambaye hakutaja jina lake halisi. Alijiita NwAvGuy, na mwaka 2011 alitoa mchoro wa amplifaya ya Objective2, pamoja na vipimo vyake vyote. Ina betri mbili za volti 9, na ina tundu la umeme wa ukutani. Ukiichomeka inatoa karibu volti 7. Kisanduku kimoja kikawa cha begi na cha meza, na vipimo vyake viliweza kulinganishwa na vya mashine za bei kubwa mara nyingi zaidi. Aliahidi pia toleo maalumu la mezani. Mwaka 2012 akanyamaza, na toleo hilo halikutoka.

Amplifaya ya mfukoni nayo ikazidi kusinyaa. Septemba 2016 Apple wakaondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7. Kile kiwaya kifupi cha kuunganishia hedifoni na simu, kilichouzwa dola 9, kina amplifaya ndani yake.

Sasa turudi kwenye swali la yule kijana: chukua hedifoni ya DT 880 ya Beyerdynamic, ambayo imeuzwa kwa ohmu 32, 250 na 600. Ya 32 haihitaji meza. Ya 600 nisingeihangaisha na betri. Ya 250 ijaribu: weka kwenye simu wimbo uliorekodiwa kwa sauti ya chini, taarabu ya zamani kwa mfano, pandisha sauti hadi robo tatu, usikilize mpaka mwisho. Ikitosha, pesa yako ibaki mfukoni. Usipandishe kupita hapo kwa kutafuta raha tu, maana Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na amplifaya yoyote ya mezani inaweza kukivuka kikomo hicho kwa kuzungusha kitufe kidogo tu.