Masista Waliofanya Mitaa Kuwa Monasteri Yao

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli. Lakini moyo nao ukikosa mpango huchoka mapema. Historia ya shirika la masista wa Kikatoliki liitwalo Mabinti wa Upendo inatufundisha hivyo.

Mwaka 1617, padri Mfaransa Vincent de Paul alikuwa paroko wa Châtillon-les-Dombes. Jumapili moja, kabla ya Misa, alipata habari za familia moja nje ya mji. Nyumba nzima walikuwa wagonjwa, hata wa kumhudumia mwenzake hakuna. Akalisema jambo hilo katika mahubiri. Mchana alipokwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa watu, hawa wanakwenda, wale wanarudi, na vyakula tele. Padri alifurahi, kisha akawaza. Leo chakula kimezidi, kesho kitaoza, keshokutwa wagonjwa watalala njaa. Watu hawa hawakukosa huruma, walikosa utaratibu. Basi akawakusanya akina mama wa mji, wakaanzisha chama cha kuwahudumia wagonjwa kwa zamu.

Vyama vya namna hiyo vilienea hadi Paris, na huko ndiko matatizo yalikoanzia. Mabibi wa koo kubwa walitoa fedha bila kinyongo. Lakini kubeba chungu cha supu mitaani, kuingia vyumba vya maskini na kumwosha mgonjwa wa homa, hayo yaliwashinda wengi. Wakatuma watumishi wao.

Aliyeonyesha njia hakuwa bibi mkubwa. Alikuwa msichana wa kijijini Suresnes, mchunga ng'ombe, jina lake Marguerite Naseau. Alijifundisha kusoma kwa kuwauliza wapita njia, naye akawafundisha wasichana wengine. Mwaka 1630 alijitolea kuwahudumia maskini wa Paris. Mwaka 1633 alimlaza kitandani mwake mwanamke mwenye tauni, akaambukizwa, akafariki. Shirika lilikuwa bado halijaundwa.

Tarehe 29 Novemba mwaka huohuo, mjane Louise de Marillac aliwapokea nyumbani kwake wasichana wachache wa mashambani, akaanza kuwalea. Huo ndio mwanzo wa Mabinti wa Upendo.

Sasa, msikilizaji, hapo palikuwa na kikwazo kikubwa. Sheria ya Kanisa ya wakati ule ilitaka mwanamke mtawa akae ndani ya kuta za monasteri, asitoke. Masista wa shirika la Visitation, lililoanzishwa mwaka 1610, walikuwa wakiwatembelea wagonjwa. Baada ya miaka michache wakafungiwa ndani. Mabinti hawa nao wangefungiwa, nani angempelekea mgonjwa supu?

Vincent na Louise hawakugombana na sheria. Walisema tu kwamba hawa si watawa wa monasteri. Monasteri yao ni nyumba za wagonjwa, kanisa lao ni la parokia, na ua wao ni mitaa ya mji. Walivaa nguo za wanawake wa mashambani. Nadhiri zao, zilizowekwa kwanza mwaka 1642, zikaja kuwa za mwaka mmoja mmoja, na hadi leo kila sista huzirudia upya kila mwaka.

Waanzilishi wote wawili walifariki mwaka 1660. Roma ililithibitisha shirika mwaka 1668. Leo masista hao wapo katika nchi nyingi duniani, Kenya ikiwamo.

Mijini kwetu michango haikosekani. Mtu akiugua, daftari litazunguka na fedha zitapatikana. Lakini wiki ya tatu, daftari limekwisha kufungwa na mgonjwa bado yuko kitandani, ni nani atakayempelekea uji? Swali hilo lilimsumbua paroko wa Châtillon, na jibu lake lilibebwa kwa mikono ya wasichana wa mashambani.