Silaha Iliyokuja Kuchukua Nafasi ya Risasi

Aprili 1974 Jack Cover, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi katika mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini, alipewa hataza ya silaha ambayo haikufanana na nyingine yoyote mikononi mwa polisi. Ilirusha vishale viwili vyenye nyaya nyembamba, umeme ukapita kwenye nyaya hizo, na aliyelengwa akaanguka akiwa hai. Wazo hilo lilimjia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Marekani ilipokuwa ikihangaishwa na ghasia za mitaani na utekaji wa ndege, maana mtekaji aliye angani humpigi risasi bila kuweka roho za abiria wote rehani. Cover alikuwa amesoma gazetini habari ya mtu aliyejigonga kwenye uzio wa umeme, akakauka pale pale asiweze kujinasua, lakini akatoka mzima. Jina alilichukua kwenye hadithi ya vijana ya mwaka 1911 kuhusu Tom Swift na bunduki yake ya umeme. Aliunganisha herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, akachomeka A moja ili zitamkike, na Taser ikazaliwa. Msomaji wa huku kwetu ajue pia kwamba katika hadithi hiyo Tom Swift anakuja Afrika kuwinda tembo, na Waafrika wamechorwa humo kama washenzi wa kutishwa kwa mashine.

Ahadi ya Cover ilikuwa moja na ilieleweka: pale ambapo polisi angefyatua risasi, sasa afyatue umeme, na mtu aishi. Ni ahadi njema, na siamini kwamba aliitoa kwa hila. Lakini miaka 50 ya kumbukumbu za mahakama, tume na watafiti inaonyesha kwamba mara nyingi silaha hii haikukaa kwenye nafasi ya risasi. Ilikaa kwenye nafasi ya maneno, ya subira na ya mikono mitupu. Jina la “silaha isiyoua” lilichangia hilo, kwa sababu kitu kinachodhaniwa hakiui hakimlazimishi anayekishika kujiuliza mara mbili.

Umeme haukuanza na Cover kutumika dhidi ya mwili wa binadamu. Wafugaji wa Marekani walikuwa na mchokoo wa umeme, fimbo ya kuswagia ng'ombe, na haikuchukua muda fimbo hiyo ikahamia kwa watu. Polisi wa Argentina walitumia fimbo ya aina hiyo kutesea wafungwa tangu miaka ya 1930. Wanahistoria wa vita vya Mau Mau wameandika jinsi shoti za umeme zilivyotumika kuwahoji wafungwa wa Kenya miaka ya 1950. Mwaka 1963 askari wa jimbo la Alabama waliwachoma kwa michokoo ya umeme waandamanaji waliodai haki za Weusi, na Februari 1965 huko Selma sherifu Jim Clark na watu wake waliwaswaga watoto wa shule kwa michokoo hiyo hadi nje ya mji, kama mifugo. Kwa hiyo silaha ya umeme ina wazazi wawili. Mmoja ni uzio uliomkausha mtu bila kumuua, na mwingine ni mchokoo, ambao kazi yake ni kutia maumivu mpaka anayechomwa atii.

Wazazi hao wote wawili wamo ndani ya kifaa kimoja, na hili linaonekana ukikitazama kwa karibu. Chukua modeli ya X26 iliyotoka mwaka 2003. Mbele yake kuna kasha dogo la plastiki lenye gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa. Askari akivuta kifyatulio, gesi inasukuma vishale viwili vyenye ncha kama za ndoana. Kimoja huenda mbele moja kwa moja, kingine huelekea chini kidogo, hivyo kadiri mlengwa alivyo mbali ndivyo vishale vinavyotua kwa kuachana. Vinabeba nyaya nyembamba kama uzi, na wakati huohuo vipande vidogo vya karatasi vyenye namba ya kasha vinatawanyika chini, ili baadaye ijulikane ni nani aliyefyatua. Umeme hupita kwa mipigo kama 19 kila sekunde, kwa sekunde 5. Vishale vikiwa vimeachana vya kutosha, misuli yote iliyo kati yake inajikunja kwa nguvu na mtu anaanguka kama gogo, hata awe shupavu namna gani. Sasa ondoa kasha hilo, ubandike kifaa moja kwa moja kwenye mwili. Ncha zake mbili zimekaribiana mno, misuli haikazwi, na kinachobaki ni maumivu tu. Hapo uzio umetoka na mchokoo umerudi. Mwaka 1985 kashfa ya kituo kimoja cha polisi cha Queens, New York, ilianza kwa mwanafunzi aliyetoka mahabusu na alama za kuungua zilizokaa mbilimbili mwilini, alama za kifaa cha aina hiyo. Alikuwa ametuhumiwa kuuza bangi kidogo. Polisi waliomtesa walihukumiwa.

Safari ya Taser yenyewe sokoni ilikuwa ngumu. Modeli za kwanza zilisukuma vishale kwa baruti, na mwaka 1976 serikali ya Marekani ikaiorodhesha kama bunduki, biashara ikafa. Los Angeles ndiyo iliyoifufua. Januari 1979 polisi wa jiji hilo walimpiga risasi na kumuua mjane Mweusi aliyekuwa ameshika kisu, katika ugomvi ulioanzia kwenye bili ya gesi. Hasira ya wananchi ikawa kubwa, na mwaka 1980 jeshi hilo likaanza kuitumia Taser. Ilikuwepo pia usiku wa Machi 3, 1991, dereva Mweusi Rodney King alipofyatuliwa mara mbili na kisha kupigwa virungu mbele ya kamera. Umeme ulitangulia virungu, haukuvizuia. Mwaka 1993 ndugu wawili, Rick na Tom Smith, walishirikiana na Cover kuanzisha kampuni mpya Arizona na kuweka gesi mahali pa baruti, kwa hiyo sheria ya bunduki ikaacha kuigusa. Mwaka 1999 wakatoa M26, yenye nguvu mara kadhaa ya zile za kwanza, na ndani ya miaka michache silaha hiyo ikawa kwenye mikanda ya polisi wa nchi nyingi. Kampuni yao leo inaitwa Axon.

Je, risasi zilipungua? Watafiti Bocar Ba na Jeffrey Grogger walichunguza Chicago, ambako mwaka 2010 Taser ziligawiwa kwa askari wa doria kwa wingi. Waliona kwamba askari walioumia walipungua, jambo ambalo halifai kubezwa. Lakini matumizi ya bunduki hayakupungua, na raia walioumia hawakupungua. Umeme ulichukua nafasi ya nguvu nyingine ndogondogo, za kushika, kusukuma na kuangusha. Wanahabari wa APM Reports nao walikuta kati ya 2015 na 2017 matukio zaidi ya 250 ambapo Taser ilifyatuliwa, ikashindwa kumwangusha mtu, kisha polisi wakamuua kwa risasi. Koti zito likizuia kishale kimoja, au vishale vikitua karibukaribu, mtu anapata maumivu na hasira bila kuanguka. Tena silaha hii hushindwa zaidi pale ilipokusudiwa, kwa mtu aliye karibu kabisa na mwenye kisu mkononi.

Mfano wa Vancouver, Canada, unaeleza jambo hili kuliko takwimu. Oktoba 2007 msafiri kutoka Poland alishuka uwanja wa ndege wa jiji hilo. Hakujua Kiingereza. Alizurura ndani ya uwanja kwa takriban saa 10 huku mama yake akimsubiri upande wa pili wa milango, na hakuna aliyemletea mkalimani. Alipochanganyikiwa na kuanza kurusha vitu, waliitwa polisi wanne. Alikuwa ameshika mashine ya kubania karatasi. Chini ya nusu dakika tangu walipomfikia alikuwa ameshapigwa shoti ya kwanza, na baada ya shoti 5 alikuwa amekufa. Abiria mmoja alirekodi yote, na tume ya jaji Thomas Braidwood ikasema polisi hawakuwa na haki ya kuitumia silaha hiyo. Askari wanne dhidi ya mtu mmoja mwenye mashine ya karatasi: kama umeme usingekuwepo, hapangekuwa na risasi. Pangekuwa na mikono minane na, kwa bahati, mtu wa kutafsiri.

Hata mahakama za Marekani zimelazimika kulitazama jambo hili. Mwaka 2005 huko Coronado, California, kijana aliyesimamishwa kwa kutofunga mkanda wa gari alishuka akiwa na kaptura ya ndani na raba tu, akawa anajigombeza mwenyewe. Alikuwa mita kadhaa kutoka kwa askari, hana kitu mkononi. Alifyatuliwa, misuli ikakaza, akaanguka kifudifudi kwenye lami bila mikono ya kujikinga, akavunjika meno manne, na kishale kikatolewa kwa kisu cha daktari. Mwaka 2009 majaji wa rufaa walisema wazi kwamba Taser ni nguvu kubwa inayohitaji sababu kubwa.

Watetezi wa silaha hii hujibu kwamba wanaokufa huuawa na dawa za kulevya au moyo mbovu, wala si umeme. Hoja hii ina sehemu ya ukweli. Shirika la Reuters lilipohesabu vifo 1,005 vya Marekani vilivyotokea baada ya Taser, ripoti za uchunguzi wa maiti ziliitaja silaha hiyo kama chanzo au kichangiaji katika vifo 153. Vingi, basi, havikuhusishwa nayo. Ila 153 si sifuri, na mwaka 2009 kampuni yenyewe iliwashauri polisi waepuke kulenga kifua. Tena baadhi ya vifo hivyo viliandikwa kuwa vya “kuchanganyikiwa kwa jazba”, ugonjwa ambao vyama vikuu vya madaktari vya Marekani vilikuwa vimeukana kufikia mwaka 2023. Na mwenye moyo mbovu au aliyelewa dawa ndiye hasa anayekutana na polisi usiku. Silaha inayosemekana ni salama kwa mwenye afya tele haijathibitishwa kuwa salama kwa watu inaowapata.

Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba ukimnyang'anya askari Taser utamrudisha kwenye rungu na bastola. Sisemi anyang'anywe. Rungu huvunja mifupa, na yapo maisha yaliyookolewa na umeme. Ninachokataa ni dhana kwamba lazima tuchague kati ya shoti kwa kila mkaidi na risasi. Baada ya tume ya Braidwood masharti yalikazwa: silaha itumike tu pale mtu anapodhuru au yuko karibu kudhuru mwili. Katika jimbo la British Columbia matumizi yalishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 2007 na 2011. Kifaa kilikuwa kilekile kwenye mikanda ya askari walewale. Kilichobadilika ni kiwango cha kosa kinachoruhusu kukichomoa.

Kwa raia wanaotaka kujilinda mambo yako tofauti kidogo, na hapa ninaona ahadi ya Cover ikitimia mara nyingine. Mwanamke mmoja wa Massachusetts alikuwa amepigwa na mwenzake wa zamani hadi akalazwa, na amri za mahakama hazikumzuia mwanamume huyo. Jioni moja alimvizia nje ya kazini kwake. Mwanamke akasimama imara, akaonyesha kifaa cha shoti, na yule bwana akaondoka. Hakikufyatuliwa kabisa. Jimbo lilimshtaki na kumtia hatiani kwa kukimiliki, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa hukumu hiyo. Uingereza, kwa upande wake, huviweka vifaa hivi kwenye kundi la silaha zilizopigwa marufuku, hata vikiwa na umbo la tochi. Anayenunua tochi ya shoti ajihadhari na matangazo yake ya mamilioni ya volti. Umeme wa volti milioni moja ungeruka hewani zaidi ya sentimita 30, ilhali ncha za tochi hizo zimeachana kwa vidole viwili. Ni vifaa vya kugusisha, vinatia maumivu tu, na anayevitumia lazima awe amekwisha kufikiwa na mshambuliaji wake.

Mei 2023, alfajiri, polisi waliitwa kwenye makao ya wazee huko Cooma, Australia. Bibi wa miaka 95 mwenye ugonjwa wa kusahau, uzito wake haufiki kilo 50, alikuwa ameshika kisu cha mezani na kutembea taratibu akiegemea kigari chake cha kutembelea. Aliambiwa akiweke chini, hakukiweka. Askari alitamka kwamba basi imetosha, akafyatua. Bibi alianguka akagonga kichwa, na siku chache baadaye akafariki. Novemba 2024 baraza la mahakama lilimkuta askari huyo na hatia ya kuua bila kukusudia. Video iliyorekodiwa na kamera ya kifuani ilionyeshwa mahakamani, na mazungumzo kati ya polisi na bibi huyo, tangu wampate hadi kifyatulio kilipovutwa, yalikuwa yamechukua chini ya dakika 3.