Wau: Mji wa reli uliobaki bila treni

Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, haujawahi kuwa na reli. Njia pekee ya treni nchini humo inaishia mji wa Wau, zaidi ya kilomita 500 kaskazini-magharibi, nayo haielekei Juba bali Khartoum.

Wau uko kando ya Mto Jur, na ni makao makuu ya jimbo la Bahr el Ghazal Magharibi. Ulianza kama ngome ya Wafaransa iliyoitwa Fort Desaix, iliyojengwa na msafara wa Marchand uliokuwa ukielekea Fashoda mwaka 1898. Wafaransa hawakukaa, Waingereza ndio waliotawala eneo hilo hadi uhuru wa Sudan mwaka 1956. Miongoni mwa wakazi wake ni Wabalanda, Wandogo, Wadinka na Waluo, ambao lugha yao ina undugu na ya Waluo wa Kenya.

Kilichoubadilisha mji huo ni reli. Serikali ya Sudan iliyokuwa imepata uhuru punde iliirefusha njia kutoka Babanusa, kupitia Aweil, na mwaka 1962 ikafika Wau, umbali wa takriban kilomita 446. Bidhaa zilizoshushwa Port Sudan sasa ziliweza kufika Wau kwa mabehewa, kisha zikapakiwa kwenye malori kwenda miji isiyo na reli. Kwa Khartoum, hata hivyo, njia hiyo ilikuwa pia mkono wa kuifikia kusini, na wapo kusini walioiona hivyo tangu mwanzo.

Vita vilivyoanza mwaka 1983 viliwapa hoja. Treni ziligeuka misafara ya kijeshi ya kupeleka askari, silaha na chakula katika kambi ya Wau, zikisindikizwa na wanamgambo waliopanda farasi. Vijiji vya Wadinka vilivyo kando ya reli vilichomwa, ng'ombe wakaporwa, na wanawake na watoto wakachukuliwa utumwani kaskazini. Kwa familia nyingi za Bahr el Ghazal Kaskazini, mlio wa treni ulimaanisha kukimbilia porini. Waasi nao waliishambulia njia hiyo, na madaraja yakaharibiwa.

Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 reli ilikarabatiwa, na mwaka 2010 treni ikaingia tena Wau. Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011, njia hiyo iliwarudisha nyumbani maelfu ya watu waliokuwa wakiishi kaskazini, wakiwa juu ya mabehewa pamoja na vitanda, makabati na mbuzi wao. Huenda huo ndio wakati mmoja reli hiyo ilipowatumikia watu wa kusini kama walivyotamani.

Haukudumu. Mwaka 2012 nchi hizo mbili zilipigania eneo la mafuta la Heglig, mpaka ukafungwa na safari zikakoma. Mwaka 2016 mapigano ndani ya Wau kwenyewe yaliwafanya maelfu ya wakazi kukimbilia kando ya kambi ya Umoja wa Mataifa. Tangu Aprili 2023 Sudan nayo imo vitani, na Babanusa, reli inakoanzia, pakageuka uwanja wa mapambano.

Mipango ya kuifikisha reli Juba kutoka Kenya au Uganda imezungumzwa kwa miaka mingi. Hata ikitimia, kuiunganisha na Wau kutakuwa na tatizo la upana: reli ya Wau ina milimita 1,067, sawa na ya TAZARA, ilhali reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina milimita 1,000 na ile ya kisasa 1,435. Behewa moja haliwezi kupita zote.

Kwa sasa bidhaa za Mombasa na Kampala huufikia mji huo kwa lori. Hupita Nimule na Juba, ambako kilomita 192 za lami zilikamilika mwaka 2012, kisha Rumbek kwa barabara ambayo wakati wa mvua hunasa malori kwa siku kadhaa. Bei za sokoni Wau hupanda kila tope linapozidi.